Kitonge cha Tai Nilichokifinyanga Mwenyewe

Aibu nyingine mtu huzizoea, lakini hii ya kusimama kwenye baraza ya ofisi ya DC pale Garissa, mchana kweupe, mke wako akiinua kaptula yako kuukuu juu ili serikali nzima ione tundu la makalioni, hii bado hunijia nikiwa nanyoa ndevu nikajikata, na msidhani naisimulia kwa kupenda, ni kwa sababu Wakesho (ndiye mke wangu) amekwisha kumsimulia kila mgeni anayeingia hapa nyumbani na kila mara anaongeza chumvi, basi heri mnisikie mimi mwenye kaptula.

Enzi hizo nilikuwa karani katika ofisi ya wanyamapori. Kwetu ni Taita, kwenye milima na baridi na migomba, nikahamishiwa Garissa muda si mrefu baada ya Uhuru, vita ya mashifta (ndivyo serikali ilivyowaita wale waliotaka mkoa ule ujitenge uende Somalia) ikiwa imepamba moto, magari ya Wajir yanakwenda kwa msafara na askari mbele na nyuma, na Wasomali wenye mifugo wamekusanywa katika kijiji cha seng'enge nje ya mji, hakuna kutoka bila karatasi yenye mhuri wa DC.

Katikati ya mambo hayo akaja Daktari Ruth, bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, kofia kubwa, kazi yake kuchunguza ndege walao nyama: tai, tumbusi, mwewe, kozi, ukimwuliza habari za kuku hana habari. Alikuwa akilipiwa na chama kimoja cha ng'ambo cha watu wanaowapenda ndege hao (nami nilishangaa, watu wazima na akili zao wanachangishana pesa kwa ajili ya mwewe!), na kazi yenyewe ilikuwa na maana kuliko nilivyodhani, kwa sababu kulikuwa na maofisa waliotaka mizoga itiwe sumu porini kwa hoja kwamba tai wanamaliza watoto wa mbuzi, na Daktari alitaka kuonyesha kwamba tai wa mto Tana wanakula panya na mijusi na mizoga, mbuzi ni mara mojamoja tu. Ushahidi wake ulikuwa vitonge.

Kitonge ni hivi: tai akishameza panya na manyoya yake, tumbo huchukua nyama tu, halafu asubuhi anatapika manyoya, kucha, meno na vipande vya mifupa vikiwa vimeshikana kama tonge la ugali uliolala. Vikianguka chini ya mti wenye kiota unaviokota. Daktari Ruth alikuwa anavilowesha kwenye beseni ya maji ya uvuguvugu, anavichambua kwa kibano, mfupa mmoja mmoja, na mimi naandika kwa taipureta: panya wawili, mjusi mmoja, kwale mmoja. Mwaka mzima! Niliijua mifupa ya panya kuliko vidole vyangu.

Sasa mwokotaji wa vitonge alikuwa Bishar. Bishar ni Msomali wa umri wangu, mrefu, mchunga ngamia ambaye ngamia wake walichukuliwa na serikali katika msako, akabaki na mama yake mzee na mbuzi kumi na mmoja ndani ya seng'enge. Daktari alimwombea kwa DC karatasi ya kwenda mtoni kila asubuhi kuokota vitonge, na Bishar akawa anatoka na mbuzi wa mama yake, wao wanakula majani, yeye anazunguka chini ya miti. Mbuzi wengine pale kijijini walikuwa wanakufa kwa njaa, wa mama Bishar walikuwa na maziwa. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa inamlisha yule mama, na siku kazi ya Daktari itakapokwisha na karatasi itakwisha, kila mtu ofisini alilijua hilo, nami nililijua zaidi maana mimi ndiye niliyeipiga taipu.

Lakini wivu, jamani! Niliona wivu mpaka chai ikawa chungu mdomoni. Mimi nimesoma, nina cheti, mwandiko wangu ulisifiwa na wamisionari, na Bishar hajui hata kutia sahihi, anabonyeza dole gumba. Haya, nani alikuwa anaitwa kunywa chai na Daktari? Bishar. Nani alivishwa ile darubini nyeusi shingoni? Bishar. Mimi nilipoiomba niangalie mara moja tu nikaambiwa, "Taratibu, Mwakio, inavunjika upesi," kana kwamba mikono yangu ni ya mwashi. Akija na vitonge vyake ndani ya kikoi Daktari anapiga makofi, "Bishar, macho yako ni ya ajabu!", nami nimesimama pale na karatasi zangu zilizopangika bila kosa hata moja, wala hakuna aliyewahi kupigia karatasi makofi. Hata Wakesho nyumbani, siku moja ananipakulia chakula, ananiambia, "Yule Bishar mpole, leo kanibebea kuni mpaka mlangoni. Na ana macho kweli." Ana macho! Mimi nina nini, matundu?

Mara ikatangazwa kwamba chama kinamleta mjumbe wake aone kama kazi iendelee kulipiwa miaka miwili zaidi au fedha zihamishiwe nchi isiyo na risasi. Daktari Ruth akatuambia kwamba mjumbe akikubali, msaidizi mmoja atapelekwa Nairobi miezi mitatu kufundishwa kazi ya ndege, kisha akamwangalia Bishar. Hakutaja jina, aliangalia tu. Mimi kifua kikawaka moto, nikaamua palepale: na mimi nitaleta kitonge. Uamuzi mdogo tu, jamani, kitonge kimoja.

Nilikwenda mtoni siku mbili, sikuona kitu ila mavi ya ngedere na mamba mmoja aliyenitazama kwa namna nisiyoipenda, nikarudi mbio. Ndipo shetani akaniambia: Mwakio, wewe unajua kilichomo ndani ya vitonge kuliko tai wenyewe.

Basi nikachukua panya wawili kwenye mtego wa stoo ya ofisi (niliwafanya nini sisemi, mnakula), nikaongeza shingo ya kuku niliyoibana kwenye sahani yangu, nikafinyanga kwa uji wa unga wa mahindi, kikatoka kitonge saizi ya dole gumba, sawasawa na vile vya Bishar. Hapo ningeacha. Lakini nilitaka changu kiwe kikubwa kuliko vyote vya Bishar, nilitaka Daktari apige makofi mpaka mikono imuume, na kila nikiongeza manyoya kinabomoka, hadi nikakumbuka ile mipira ya matambara tuliyokuwa tunatengeneza utotoni, haiwi mikubwa bila tambara katikati. Chini ya kitanda kulikuwa na kaptula yangu kuukuu, kaki ya serikali, ileile wanayovaa askari, Wakesho kaiweka ya kudekia. Nikakata kipande cha nyuma pamoja na mfuko, nikakikunja, nikakizungushia uchafu wangu wote, nikakianika juu ya bati siku mbili. Kikatoka kikubwa kama ngumi. Haki ya Mungu, kilipendeza.

Daktari Ruth alipokiona aliketi chini. "Mwakio! Umekipata wapi?"

"Mtoni, chini ya mkuyu, karibu na pampu ya maji."

Akanipigia makofi. Mimi! Nikamgeukia Bishar nione uso wake. Bishar alikichukua, akakigeuzageuza, akakipeleka puani, akakirudisha mezani. "Kikubwa sana," akasema, basi. Nikajiambia, ehe, na yeye leo wivu unamchoma, acha umchome. Siku ile nilitembea Garissa nzima kifua mbele.

Shida ni kwamba Daktari hakukifungua. Nilitegemea atakichambua haraka haraka pale ofisini, akiona kitambaa nitasema labda tai amekiokota jalalani, tutacheka, yataisha. Yeye akakifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo akautia shingoni, "Hiki nitakifungua mbele ya mgeni na Bwana DC." Siku nne nikawa nalizunguka kabati lile.

Mgeni alikuja na msafara wa magari, mzee wa Kizungu mwenye masharubu meupe na koti zito katika joto lile, si mtu wa maneno mengi. Kwenye baraza ya DC pakawekwa meza, kitambaa cheupe, beseni, kibano. DC mwenyewe alikuwepo, mtu mkali ambaye alimshuku kila Msomali na kila anayejuana na Msomali, na makarani wote, na askari kadhaa, na wazee wa mji walioitwa kusikia habari ya sumu. Bishar alikuwa amewafunga mbuzi wa mama yake nje ya ua, kikao kikiisha aende nao mtoni. Daktari akaeleza vizuri, orodha zangu zikapitishwa mkono kwa mkono, mgeni akaitikia kwa kichwa, mambo yalikuwa yanakwenda sawa kabisa. Kisha Daktari akasema, "Na hiki ndicho kikubwa kuliko vyote, kimeokotwa na karani wangu." Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo (niliinama, nakiri).

Kitonge kikaingia majini, hakikufumuka. Daktari akavuta manyoya, akavuta fuvu la panya, akavuta mfupa wa shingo ya kuku, akaukunjia uso. Kisha kibano kikanasa kitu, akavuta, kikavutika, kikavutika, kikatoka kipande cha kaki kinachuruzika maji, na ukingoni mwake kifungo cha shaba kinang'aa. Kifungo cha mfuko wa nyuma! Nilikisahau kabisa!

DC akasimama. "Hiyo ni nguo ya serikali. Daktari, tai hawa wanakula mizoga?"

"Aina hii, ndiyo, wanakula," Daktari akasema, na sauti imempungua.

"Hata ya watu?"

Daktari akakiweka kibano mezani. Hapo ndipo nilipoelewa wote wanawaza nini: kwamba huko mtoni kuna askari ameuawa, amelala, na ndege wamemfikia kabla ya serikali. DC akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekiokota. Wapi?"

Ningesema palepale. Lakini niliwaona askari na bunduki zao, nikamwona mgeni, nikamwona Bishar na ile darubini shingoni, na mdomo wangu mimi mwenyewe, mdomo huu huu ninaosemea na nyinyi, ukasema, "Bishar ndiye aliyenionyesha mahali."

Bishar alinitazama. Hakukana, hakuapa. Alinitazama tu kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kamba za viatu ili waendelee na safari.

"Karatasi," DC akasema. Bishar akaitoa kwenye mkunjo wa kikoi, DC akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Huyu mpelekeni ndani mpaka aseme. Mbuzi warudishwe kijijini, na kuanzia leo hakuna kutoka."

Askari wawili wakamshika mikono. Kule nje mbuzi wakaanza kulia, nadhani ni kiu tu, lakini mimi niliyemwandikia karatasi ile nilijua yule mama atakuwa na chakula cha siku ngapi.

"Ni kaptula yangu!" nikapiga ukelele.

"Nini?"

"Mheshimiwa, hakuna maiti, ni kaptula yangu, kitonge nimekitengeneza mimi, panya ni wa stoo, kuku ni wa nyumbani kwangu, hakuna tai, hakuna mkuyu, Bishar hajui lolote, nilisema uongo!" Nilisema yote kwa pumzi moja na jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. DC hakuamini, na kwa kweli nani angeamini? Akadhani namtetea rafiki yangu (rafiki! laiti angeyaona ya moyoni mwangu). Akataka ushahidi, na askari akatumwa nyumbani kwangu mbio.

Wakesho akaja na kaptula yenyewe mkononi, kanga kaikaza kiunoni, na hasira zake, maana hakuambiwa kisa. DC akamwuliza kama anaijua nguo ile. "Nisiijue vipi, nami nimeifua miaka mitatu?" akasema, akaiinua juu kwa mikono miwili, upande wa makalio ukiwaelekea wageni, na lile tundu langu la mraba jua likapita katikati. DC akakichukua kile kitambaa kilicholowa, akakipachika kwenye tundu kwa mikono yake mwenyewe, kikakaa sawasawa. Mzee mmoja wa mji akajiziba uso kwa kilemba, mabega yanatikisika, wenzake wakamfuata, makarani wakamfuata, hata wale askari wakamwachia Bishar ili wajishike mbavu. Na Wakesho akachungulia kwenye beseni. "Salaale! Na hiyo si shingo ya kuku wangu? Si uliniambia umeila?"

Aliyekuwa hacheki ni mgeni. Akamwuliza Daktari kwa Kiingereza, taratibu, swali moja tu: katika orodha hizi zote, ni vitonge vingapi vingine vya huyu bwana? Daktari Ruth akanitazama, wala hakuwa na hasira, afadhali angenitukana, alinitazama kama mtu aliyeibiwa mwaka mzima wa maisha yake. Nikaapa ni kimoja tu, lakini kiapo cha nani? Cha mwenye kaptula? Nikaona kazi inakwenda, sumu inakuja, na karatasi ya Bishar ingali mfukoni mwa DC.

Bishar ndiye aliyesema. "Daktari, leta sanduku."

Sanduku la vitonge visivyofunguliwa likaletwa. Bishar akawa anavishika kimoja kimoja, anavinusa, anasema bole bole kwa ile lafudhi yake inayoigeuza p kuwa b: "Hii ni tai ya mkuyu. Hii ni ile kiota ya bili, ana mtoto, mtoto nakula mijusi. Hii si tai, hii bundi." Mgeni akachagua vitatu mwenyewe, Daktari akavilowesha, na kila kimoja kikawa vilevile alivyosema. Mgeni akamwuliza, Daktari akitafsiri: na kile cha karani?

"Ile nilijua siku ya kwanza," Bishar akasema. "Nanuka kitunguu. Tai gani nakaanga kitunguu?"

Baraza ikaangua kicheko tena. Daktari hakucheka. "Kwa nini hukusema? Walikuwa wanakufunga!"

Bishar akaangalia chini, akaona haya yeye badala yangu. "Siku ile alikuwa na furaha sana. Na leo nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Ikitoka kwa mdomo yangu mimi, ni aibu ya siku zote. Ikitoka kwa yake, itakwisha."

Mtu aliyekua na ngamia, asiyejua kusoma, na hata uungwana kanishinda, na msinicheke, hata pale nilimwonea wivu kwa maneno yale.

DC akairudisha karatasi (kuomba radhi hakuomba, hiyo haikuwa desturi yake) na mbuzi wakaenda mtoni, wamechelewa lakini wakaenda. Mgeni akakubali fedha ziendelee miaka miwili, sharti kila kitonge kinachoingia kitabuni kiwe na alama ya dole gumba la Bishar, kisichokuwa nayo chama hakitaki hata kukisikia, na ya sumu ikasemwa itangoja kazi imalizike. Mimi sikufukuzwa, Daktari alisema taipureta yangu bado haina kosa, ila katika miaka hiyo yote miwili hakuwahi tena kuniita kwa jina, nilikuwa "karani".

Bishar akachaguliwa kwenda Nairobi. Sasa miezi mitatu mbuzi wa mama yake watapelekwa mtoni na nani? Daktari Ruth akaniangalia mimi. Hakutaja jina, aliangalia tu.

Tangu mwaka ule nimeapa: wivu ukinishika, simtengenezei mtu jambo, namwendea namwambia usoni, "Bwana, nakuonea wivu," na wengi hushtuka, wengine hudhani nataka kuwakopa. Wa kwanza kumwambia alikuwa Bishar mwenyewe, asubuhi ile anayosafiri, tuko kwenye geti la kijiji cha seng'enge, ananionyesha mbuzi yupi mtundu na yupi ana mimba. Nikamshika mkono nikamwambia, "Bishar, mimi nilikuwa nakuonea wivu. Chai, darubini, makofi, vyote."

Alishangaa kweli. "Wewe? Unaonea mimi?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Walaal, ndugu, mimi kila asubuhi nasimama kwa hii geti nangoja askari asome karatasi. Wewe nakuona unabita ile barabara, mkononi huna kitu. Mimi ndiyo nilikuwa na wivu, ndugu yangu."

Nikaenda na mbuzi wale mtoni miezi mitatu, asubuhi na jioni, wakanikanyaga na kunilia daftari. Kila siku nilipita geti lile, na kila siku askari aliniuliza habari za nyumbani, hakuna hata mmoja aliyeniuliza karatasi.